Mgomba Wako Una Njaa Gani?

(Mazungumzo haya ni ya bwana shamba, mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima wa Kiembe Samaki, Unguja. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ili kila mtu ayasome polepole nyumbani kwake.)



Leo tutazungumza juu ya mgomba. Mtu atasema: mgomba tena? Mgomba si unajiotea wenyewe? Babu kaupanda, baba kaula, na mimi naula. Kuna nini cha kufundishana?

Kipo, ndugu zangu. Tazameni migomba yenu. Zamani mkungu wa mkono wa tembo au wa mzuzu ulikuwa mzigo wa mtu mzima. Siku hizi shina lile lile, pahala pale pale, linatoa mkungu wa kubebwa na mtoto. Ndizi ni nyembamba, zimepinda, chane ni chache. Majani ya juu yana rangi ya manjano. Mwenye shamba anasema, "Ardhi imechoka." Mwingine anasema, "Ni jicho la watu." Wa tatu anang'oa shina zima na kulitupa.

Mimi nasema: kabla ya kung'oa, uliza kwanza. Mgomba huu una njaa gani?

Jambo hili si dogo. Kiembe Samaki ya leo si ile ya zamani. Nyumba zimejaa na mashamba yamekuwa viambaza. Mtu aliyekuwa na mashina hamsini leo anayo kumi nyuma ya nyumba. Mashina hayo kumi ndiyo futari ya Ramadhani, ndiyo daftari la mtoto, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Mtu mwenye mashina kumi hawezi kukubali matano yawe ya bure.

CHAKULA KINGI NA CHAKULA KIDOGO

Mgomba unakula kama tunavyokula sisi. Vipo vyakula unavyovitaka kwa wingi. Hivyo ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambayo wengi tunaiita potashi. Huo ndio wali wake.

Vipo vingine unavyovitaka kidogo sana: zinki, boroni, chuma, manganizi, shaba, na vichache vingine. Hivi ni kama chumvi ya mchuzi. Mama zangu mnajua. Chumvi ikikosekana, mchuzi mzima haulikiwi, hata ukiwa na nyama tele. Chumvi ikizidi, pia haulikiwi. Hivyo ndivyo vyakula vidogo vya mmea. Vikipungua ni hasara, na vikizidi ni sumu.

Nitakupeni hesabu mwone tofauti yake. Wataalamu wamepima ndizi katika mashamba makubwa ya biashara. Tani 50 za ndizi zikivunwa katika hekta moja, zinaondoka na potasiamu karibu kilo 780. Zinki inayoondoka ni kama nusu kilo tu. Tuilete hesabu hiyo kwetu. Mkungu wa kilo 15 unapopanda gari kwenda soko la Mwanakwerekwe au Darajani, unachukua potasiamu kama gramu 230. Zinki haifiki hata robo ya gramu.

Msidharau hiyo robo ya gramu. Mama mjamzito akienda kliniki hupewa kidonge kidogo cha kuongeza damu. Kidonge ni kidogo, lakini asipokipata mwili wote unalegea. Na mgomba ni vivyo hivyo.

SOMA JANI KAMA UNAVYOSOMA GAZETI

Nyinyi mmejifunza kusoma herufi. Leo mtajifunza kusoma jani. Kanuni ya kwanza ni moja nayo ni nyepesi: angalia ugonjwa umeanzia wapi, jani la zamani au jani jipya?

Mgomba ni mzazi mwema. Ukiishiwa na naitrojeni au potasiamu, unachukua chakula kutoka jani la zamani na kulipa jani jipya. Kwa hiyo jani la zamani ndilo linaloumia kwanza. Ukiona majani ya chini yanageuka manjano ya chungwa upesi, ncha zinajikunja na kukauka, na jani linavunjika katikati, hapo shaka kubwa ni upungufu wa potasiamu. Jani la chini likiwa manjano kandokando na katikati limebaki kijani, fikiria magnesi.

Lakini zinki, chuma, boroni, shaba na manganizi hazihamishiki kwa urahisi. Zikishaingia katika jani la zamani, zimo. Mgomba hauwezi kuzitoa humo kumpa mtoto. Kwa hiyo zikipungua, jani jipya ndilo linalolia. Sasa sikilizeni alama zake:

Zinki. Majani mapya yanatoka membamba, yamechongoka kama mkuki. Yana mistari ya kijani na mistari myeupe au ya manjano, mmoja baada ya mwingine. Jani changa linapofunguka, upande wa chini unaweza kuwa na rangi ya zambarau. Ndizi zinakuwa fupi, nyembamba na zilizopinda. Duniani kote, katika vyakula vidogo vya mgomba, upungufu wa zinki ndio unaotajwa zaidi.

Chuma. Jani jipya zima linageuka manjano, hata kukaribia weupe. Majani ya zamani yamebaki kijani. Hili huonekana sana katika ardhi yenye chokaa.

Boroni. Jani linatoka limekunjamana, limepungua upande, au halikukamilika. Ukiligeuza chini unaona mistari myeupe inayokata mishipa ya jani. Wakati wa ukame hali huzidi, kwa sababu mizizi inaipata boroni kupitia maji.

Manganizi. Jani la pili au la tatu kutoka juu linakuwa manjano pembeni, na manjano hayo yanaingia ndani kama meno ya kitana.

Shaba. Majani yote yanapauka, na uti wa jani unapinda kurudi nyuma, mgomba unakuwa kama mwavuli.

USICHANGANYE NJAA NA UGONJWA

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Si kila umanjano ni njaa.

Mwaka 1987 ugonjwa wa michirizi myeusi ya majani uligunduliwa Pemba, na baadaye ukaenea. Huo unaanza kwa vistari vidogo vya rangi ya kahawia, vinageuka vyeusi, kisha jani linakauka vipande vipande. Hiyo si njaa. Ni ukungu, na haitibiwi kwa mbolea peke yake. Majani yaliyoungua yakatwe na shamba lipate hewa.

Upo ugonjwa wa mnyauko. Majani ya chini yanageuka manjano na kuning'inia kama sketi, na gogo linapasuka karibu na ardhi. Kata gogo utazame ndani. Ukiona nyuzi nyekundu au za kahawia, usihangaike na zinki. Na tafadhali, mtoto wa shina hilo usimpe jirani akapande. Utakuwa umempa maradhi kwa mkono wa hisani.

Tena kuna fukusi wa migomba na minyoo midogo ya mizizi. Hao wanakula mizizi na kitako. Mgomba una chakula ardhini lakini hauna mdomo wa kulia. Ukiona migomba inaanguka ovyo kwa upepo mdogo, fukua kitako utazame matundu.

JIWE LETU NA KUFULI LAKE

Sasa kwa nini sisi wa Unguja tujali habari hii? Kwa sababu ya jiwe letu.

Kisiwa chetu kina ardhi za namna nyingi. Wakulima wana majina yake tangu zamani: kinongo, mchanga, kinamo, uwanda, maweni. Upande wa mashariki na kusini, sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo juu yake. Hata huku kwetu, pengine unachimba shimo na jembe linagonga jiwe. Jiwe hilo ni chokaa tupu.

Chokaa ina tabia moja. Inafungia zinki, chuma na manganizi. Vitu hivyo vimo ndani ya udongo, lakini mzizi hauwezi kuvichukua. Ni kama sanduku la nguo lililotiwa kufuli. Nguo zimo, na wewe huna ufunguo. Sikukuu imefika, na unatoka na nguo kuukuu.

Unataka kujua kama udongo wako una chokaa nyingi? Chukua kijiko kimoja cha udongo mkavu, utie katika kisahani, umwagie siki. Ukisikia unachemka na ukiona povu, basi una chokaa. Usipotoa povu, chokaa ni kidogo au hakuna. Jaribio hili halina gharama. Fanyeni leo jioni.

Ukishajua, kuna mambo matatu ya kujihadhari nayo.

La kwanza ni jivu. Wengi tunamwaga jivu lote la jikoni kwenye shina moja. Jivu lina potasiamu, na hilo ni zuri. Lakini jivu pia ni ndugu wa chokaa. Penye ardhi ya jiwe, jivu jingi linaongeza kufuli. Tandaza kidogo kidogo, tena uchanganye na mboji.

La pili ni mbolea ya fosfeti. Ikizidi, mgomba unashindwa kupata zinki. Mtu anaona mgomba umedhoofika, anaongeza mbolea ile ile, na mgomba unadhoofika zaidi. Amelipa pesa kununua njaa.

La tatu ni yurea. Ukiimwaga juu ya ardhi ya chokaa na kuiacha juani, sehemu yake inaruka hewani kama moshi. Tia udongo ukiwa na unyevu, uifukie. Mbolea ya salfeti ya amonia, ile tunayoiita SA, inafaa zaidi katika ardhi ya chokaa, kwa sababu inalegeza kufuli kidogo.

UFUNGUO UPO NYUMBANI

Ufunguo wa kwanza ni vitu vya kuoza. Samadi na mboji vina zinki, boroni na vingine vyote kwa kiasi kidogo kidogo. Tena vikioza vinasaidia kufungua vile vilivyofungwa na chokaa, na vinashika maji.

Tujifunze kwa wenzetu wa Bukoba, mkoa wa Kagera. Wahaya wana shamba la migomba kuzunguka nyumba, wanaliita kibanja. Walikata majani katika mbuga za wazi, wakatandaza kibanjani. Ng'ombe walilisha mbugani, na samadi yao ikaja kibanjani. Hivyo rutuba ya mbuga ililetwa mlangoni, na migomba ikazaa kizazi baada ya kizazi. Kisha katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi Afrika ya Mashariki. Ng'ombe walipopungua, samadi ilipungua, na migomba nayo ikahisi. Somo ni hili: mgomba haulishwi na ardhi peke yake. Unalishwa na mtu anayerudisha.

Sisi tunaweza kurudisha nini?

Kwanza, mabaki ya mgomba wenyewe. Ukishakata mkungu, usilitupe gogo barabarani. Likatekate vipande vidogo, uvitandaze mbali kidogo na shina, na majani yake pia. Gogo na majani yana chakula kingi. Vipande vikiwa vidogo vinakauka upesi, na fukusi hapati nyumba. Lakini gogo lenye mnyauko usilirudishe.

Pili, maganda. Ndizi ikienda sokoni, imekwenda. Lakini ndizi tunazozila nyumbani, kwa nini maganda yake yaende jaani? Yatie katika shimo la mboji.

Tatu, mavi ya kuku. Wafugaji wa kuku wapo karibu nasi. Mavi ya kuku yana nguvu nyingi. Yasitiwe mabichi, yataunguza mizizi. Yarundike, uyafunike, uyaache miezi miwili au mitatu yaoze.

Nne, vichwa na matumbo ya samaki. Wenyeji wa Kiembe Samaki tukikosa samaki, nani atakuwa nao? Fukia chini kabisa ya shimo la mboji, paka wasifukue.

Tano, majani ya bahari yanayotupwa ufukweni. Yana potasiamu na vyakula vidogo vingi, lakini yana chumvi pia. Yaache yanyeshewe na mvua za msimu mzima kwanza, ndipo uyachanganye.

Kila shina lipate ndoo mbili au tatu za mboji kwa mwaka. Igawe: nusu mwanzo wa masika, mwezi wa Machi, na nusu mwanzo wa vuli, mwezi wa Oktoba. Izungushe kama pete, hatua moja ndogo kutoka kwenye shina. Usiirundike kitakoni.

Na jambo jingine: punguza watoto. Shina moja libaki na mama, binti na mjukuu. Watoto tisa katika chungu kimoja, nani atashiba?

UKITAKA KUNUNUA DAWA, SOMA MFUKO

Mboji ni kazi ya polepole. Mgomba ukiwa taabani, huenda ukahitaji kupulizia majani. Penye ardhi ya chokaa, kupulizia ni bora kuliko kumwaga chini, maana ukimwaga chini, kufuli inafunga tena.

Hapa ndipo kisomo chako kinapolipa. Ukienda dukani, usikubali kuambiwa tu, "Hii ni nzuri." Soma mfuko. Tarakimu tatu kubwa, kama 20-10-10, ni naitrojeni, fosfeti na potashi. Maana yake, katika kila kilo 100 mna kilo 20 za kwanza, 10 za pili na 10 za tatu. Mfuko wa kilo 50 una nusu ya hizo. Kisha tafuta herufi ndogo. Zn ni zinki. B ni boroni. Fe ni chuma. Mn ni manganizi. Cu ni shaba. Mg ni magnesi. Kama herufi hizo hazimo, mfuko huo hauna chakula kidogo ulichokifuata.

Vipimo ni hivi. Salfeti ya zinki, gramu 5 kwa lita moja ya maji. Bomba la lita 15 linataka gramu 75. Salfeti ya chuma ni vivyo hivyo, gramu 5 kwa lita. Asidi ya boriki, gramu 1 tu kwa lita, yaani gramu 15 kwa bomba zima. Boroni ikizidi inaunguza mgomba. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kiganja, na usichanganye dawa zote katika bomba moja. Na kama mfuko wenyewe umeandikwa kipimo pungufu ya hiki, fuata cha mfuko.

Jani la mgomba lina nta, maji yanateleza. Tia sabuni kidogo sana katika bomba. Pulizia asubuhi mapema au alasiri jua likipoa, hasa majani mapya, juu na chini. Rudia baada ya wiki tatu au nne, mara mbili au tatu, wakati mgomba bado unakua. Ukishatoa mkungu, umechelewa.

Anza na mgomba mmoja. Ungoje wiki moja. Ukiona haukuungua, endelea na mingine. Acha miwili bila dawa, ili uone tofauti. Wala usitazame jani lililokwisha kuharibika, hilo halitarudi. Tazama jani linalofuata.

Dawa iwe mbali na watoto. Kijiko cha kupimia kisirudi jikoni. Nawa mikono, badilisha nguo.

DAFTARI LA SHAMBA

Nunua daftari moja. Andika: shina la kwanza, la pili, la tatu. Andika siku uliyotia mboji, siku uliyopulizia, na majani mapya yalivyotoka. Mkungu ukikatwa, hesabu chane uandike. Baada ya mwaka hutabishana na mtu. Utafungua ukurasa.

Ukitaka uhakika zaidi, mwombe bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako akuelekeze jinsi ya kupimisha udongo. Kizimbani, hapa hapa Unguja, ndipo penye kituo chetu cha utafiti wa kilimo. Chukua udongo pahala kumi au kumi na tano, kina cha futi moja, uchanganye, utoe nusu kilo. Utumie ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, itadanganya kipimo.

Na kumbukeni muda. Chipukizi unaloliona leo litachukua mwaka mmoja au zaidi mpaka mkungu wake ukatwe. Ramadhani nayo haingoji, kila mwaka inawahi kufika kwa siku kumi au kumi na moja. Mkungu wa Ramadhani ijayo unalishwa sasa, ukiwa bado jani.

Basi tukumbuke:

1. Jani la zamani likiumwa, fikiria naitrojeni, potasiamu au magnesi. Jani jipya likiumwa, fikiria vyakula vidogo.
2. Kata na fukua utazame ugonjwa na wadudu kabla ya kununua dawa.
3. Pima udongo kwa siki.
4. Rudisha gogo, maganda na samadi.
5. Soma mfuko. Pima kwa mizani.
6. Andika.

Haba na haba hujaza kibaba. Robo ya gramu inaondoka na kila mkungu. Ukiirudisha, shina la babu yako litamlisha mjukuu wako hapa hapa, hata kama kiwanja kimebaki kidogo. Usipoirudisha, utabaki na majani ya kufungia maandazi.

 Sasa mwenye swali na asimame.